Leso Jukwaani: Tunamcheka Nani?

Mwacha mila ni mtumwa. Methali hii nilirushiwa kama jiwe nikiwa kidato cha tatu, katika shule moja ya wavulana iliyozungukwa na mashamba ya chai kati ya Kericho na Bomet. Tulikuwa tukiandaa mchezo wa kuigiza. Mhusika mkuu alikuwa mama mchuma chai, na shuleni petu hapakuwa na msichana. Mwalimu akanichagua mimi. Nikaazima leso, kitambaa cha kichwa na aproni ya plastiki ya mama yangu, ambaye amechuma chai tangu kabla sijazaliwa. Nilipojitokeza jukwaani, ukumbi uliangua kicheko kabla sijatamka neno. Baadaye mzazi mmoja alisema kwamba kijana aliyetahiriwa kuvaa nguo za kike ni aibu, na kwamba mambo hayo yameletwa na runinga na simu.

Makala haya yanakusudia kuijibu kauli hiyo, kisha kuuliza swali ninaloliona zito zaidi: tulipocheka, tulimcheka nani?

Kwanza ni suala la ugeni. Ni kweli kwamba vijana wetu huwatazama wasanii wa mbali, kama vile Mana, mpiga gitaa wa bendi ya Malice Mizer ya Japani, aliyepanda jukwaani miaka ya 1990 akiwa amevalia magauni. Hata hivyo, huko Japani jambo hilo halikuanza na muziki wa kisasa. Mwaka wa 1629 watawala waliwapiga marufuku wanawake kuigiza katika kabuki, na baadaye wanaume wakazishika nafasi za kike. Waigizaji hao, waitwao onnagata, wanaheshimika hadi leo. Mmoja wao, Bando Tamasaburo, alitunukiwa hadhi ya Hazina Hai ya Taifa mwaka wa 2012. Nchini Uingereza vilevile, wahusika wa kike wa Shakespeare waliigizwa na wavulana.

Lakini hatuna haja ya kuvuka bahari. A. C. Hollis, katika kitabu chake kuhusu Wanandi kilichochapishwa mwaka wa 1909, anaeleza kwamba wavulana waliokaribia kutahiriwa walipewa na wasichana mavazi na mapambo yao, wakayavaa. Nao wasichana, zamu yao ilipofika, walivaa ya wapiganaji. Wanandi na Wakipsigis ni ndugu wa damu na lugha. Siri za jando si zangu kuzianika. Nasema tu lililokwisha kuchapwa. Wala sidai kwamba jando ni mchezo wa kuigiza. Nadai kwamba vazi la kike halikumpunguzia kijana uanaume wake. Alilipitia njiani akielekea utu uzima. Basi, aliyenirushia methali na ajiulize ni nani kati yetu aliyeiacha mila.

Pili, na hapa nawageukia waigizaji wenzangu. Siku hizi mwanamume aliyejifunga leso ni mtaji wa kicheko. Mama Otis wa mchekeshaji Flaqo anajulikana kote nchini. Kichekesho kina nafasi yake, na mwigizaji makini humchunguza mama kwa upendo. Hata hivyo, katika michezo yetu mingi “mwanamke” ni kifua cha matambara, sauti ya kubana na kiuno cha kuzungusha. Ukimvua hayo, habaki na lolote. Huko si kuivunja mipaka ya jinsia. Ni kuichora upya kwa wino mzito.

Wanafunzi wa Kiswahili tuna nafasi ya pekee. Katika Kikipsigis, majina mengi huanza kwa Kip- au Chep-, na jinsia ya mtu ikajulikana papo hapo. Kiswahili husema “amekuja,” kikanyamaza. Ukiacha kuoa na kuolewa, kitenzi chetu hakimtengi mume na mke. Kwa hiyo mwandishi wa tamthilia ya Kiswahili hana budi kumuumba mwanamke kwa anayoyajua, anayoyataka na anayoyakataa. Hadhira ikifumba macho na bado ikamwona mama, mwandishi amefaulu. Isipomwona, tuliandika leso tu.

Katika onyesho la tatu, mhusika wangu alipunjwa kilo zake kwenye mizani. Nikaiacha ile sauti ya kubana, nikazungumza kama azungumzavyo mama jioni: chini chini, kwa uchovu. Kicheko kikakatika. Mama alikuwa ameketi nyuma ya ukumbi. Nyumbani, aliipokea leso yake, akaikunja, akaniambia, “Uliinama vibaya. Ukichuma hivyo, mgongo utakuuma kabla ya saa nne.”

Hakuniuliza kwa nini nilivaa nguo zake. Alinisahihisha kama mtu wa kazi moja naye. Ndugu msomaji, huo ndio uhakiki tunaopaswa kuutafuta kila tunapoazima leso ya mama: si kama ukumbi ulicheka, bali kama mwenye leso alijitambua.