Lita Moja ya Binamu, Mtungi wa Mjomba

Desemba iliyopita binamu yangu alishuka uwanja wa ndege wa Mombasa akitoka Doha, mkononi mfuko wa duka lisilotoza ushuru, ndani lita moja ya wiski. Akapita forodha akitafuna bigijii. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Wiki hiyohiyo mjomba alitoka Junju na mtungi wa njano wa lita ishirini nyuma ya bodaboda, mnazi wa kupeleka matangani. Njiani askari mmoja akausimamisha, akataka kitu kidogo, akakikosa, akaumwaga wote mchangani. Nilipompigia simu mjomba, alisema tu, "Mjomba, wamemwaga jasho langu."

Binamu hakuvunja sheria. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, Jedwali la Tano, inamruhusu msafiri wa miaka 18 na zaidi aingie bila ushuru na pombe kali isiyozidi lita moja, au divai isiyozidi lita mbili. Marashi pia yametajwa, hadi nusu lita. Serikali imekaa chini, ikapima, ikasema: hiki ni chako na wageni wako, pita.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, lakini hesabu hii naiweza. Kama unaweza kumwamini mtu kwa lita moja ya wiski, pombe ambayo karibu nusu yake ni kilevi, mbona huwezi kumwamini mzee na mnazi?

Mtaniambia kuna leseni. Sawa, tuzisome. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 inataka leseni kwa anayetengeneza na anayeuza, na baa za kawaida ikazipangia kufungua saa kumi na moja jioni siku za kazi. Ni saa nzuri kwa bia, maana bia inangoja kwenye friji. Mnazi haungoji. Mgema anapanda alfajiri, anashusha mtamu. Kufika jioni umeshakuwa mkali, na ukikaa siku mbili tatu unaelekea kuwa siki. Aliyeandika saa zile alikuwa anafikiria chupa. Mnazi hakuuwaza kabisa.

Na mjomba hata hakuwa anauza! Kwetu Wamijikenda mnazi unaenda na mahari, unaenda na mazishi, na wazee hawakai kusuluhisha kesi koo zikiwa kavu. Ukienda matangani mikono mitupu, hujaenda.

Sitawadanganya kwamba mnazi hauna madhara. Nimekulia kwenye nyumba ambayo ada ya shule iliwahi kuishia mangweni. Najua watoto wanaotumwa mnazi wakaonja njiani. Hayo yapigwe vita, na mangwe yanayouzia watoto yafungwe leo. Lakini tusichanganye mambo. Makumi ya Wakenya waliokufa Mei 2014 waliuawa na methanoli iliyotiwa kwenye pombe kali za magendo, si utomvu wa mnazi wa Junju. Na kila msako unapotangazwa, anayekimbia ni mgema, kwa sababu hana wakili wala risiti. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, tunaambiwa. Huyu wetu hata kusifiwa hajawahi.

Ninachotaka ni kidogo. Kaunti ya Kilifi iandike kiwango, kama kile cha forodha: mtu mzima akibeba mnazi wa shughuli, lita kadhaa zinazojulikana, apite. Akizidisha, au akiuza, leseni. Kiwango kikiandikwa, askari hana cha kuuza barabarani, na mjomba anajua haki yake kabla hajapanda boda.

Ile wiski tuliinywa matangani. Wazee walipokezana kifuniko kimoja kimoja, wakamshukuru binamu. Halafu mmoja akauliza mnazi uko wapi, na mjomba akainama akatazama viatu vyake.