Adabu Njema: Kazi Isiyokwisha si Takataka

Siku hizi katika miji mingi ya dunia ziko karakana za namna ya pekee. Si mali ya fundi mmoja mwenye wafanyakazi wake, wala si darasa la shule ya ufundi. Ni nyumba moja yenye meza, vyombo na mashine, ambamo watu mbalimbali huingia kila mmoja na kazi yake. Seremala hukaa karibu na mshona nguo, na mwanafunzi wa umeme karibu na mzee anayetengeneza baiskeli. Mashine ambayo mtu peke yake hawezi kuinunua hata akiweka akiba miaka mingi, watu hamsini waweza kuitumia kwa zamu.

Wengi huziita karakana hizo fablabu. Desturi hiyo ilianza Marekani, katika chuo cha Massachusetts Institute of Technology, ambako Neil Gershenfeld alianzisha kituo cha utafiti mwaka 2001. Tangu hapo imeenea katika mabara mengi. Huko Lomé, mji mkuu wa Togo, msanifu wa majengo Sénamé Koffi Agbodjinou alifungua karakana ya namna hiyo mwaka 2012, akaiita WoeLab. Nasi hapa Kongo, hata pasipo jina hilo, twaujua ushirika wenyewe: maseremala watatu wanaopanga kibanda kimoja, au akina mama wanaoshona kwa cherehani mbili za chama chao. Maneno ya leo yawahusu wote hao.

Je, karakana ya watu wengi huharibiwa na nini? Mtu atajibu: wizi, au ukosefu wa fedha. Hayo yapo. Lakini uko ugonjwa mwingine usioonekana upesi. Mtu afika asubuhi, akuta kazi aliyoiacha jana imesogezwa, imefunguliwa au imetupwa. Mara ya kwanza hukasirika. Mara ya pili hununua kufuli. Mara ya tatu haji tena. Naye huondoka na vyombo alivyokuwa akiwaazima wenzake, pamoja na ujuzi aliokuwa akiwafundisha. Wanaobaki ni wale wasio na kitu, katika nyumba isiyo na kitu.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ni hii: usichokielewa, usikiondoe.

Tutazame mfano wa huko Lomé. Mwaka 2013, katika WoeLab, Afate Gnikou alitengeneza mashine ya kuchapa vitu, yaani mashine inayoyeyusha plastiki na kuipanga tabaka juu ya tabaka mpaka kipatikane kitu kizima. Sehemu kubwa ya mashine hiyo aliiunda kwa vipande vya skana, printa na kompyuta zilizokuwa zimetupwa. Fikirini basi jinsi meza yake ilivyoweza kuonekana kabla kazi haijakwisha: nyaya, fito za chuma, mota ndogo, magurudumu ya plastiki. Mgeni mwenye ufagio na nia njema angeona uchafu tu. Vitu ambavyo mmoja angevipeleka jalalani, mwingine alikuwa ameviweka kwa mpango uliomo kichwani mwake. Kazi isiyokwisha ni saa za maisha ya mtu zilizowekwa juu ya meza. Akiitupa mwenzake, saa hizo hazirudi.

Tena yako mambo yanayoonekana kana kwamba yamesahauliwa, kumbe yanaendelea. Mbao mbili zilizopakwa gundi nyeupe na kubanwa kwa vibanio zahitaji kukaa hivyo nusu saa au zaidi, nazo hupata nguvu kamili baada ya saa 24 hivi. Anayefungua vibanio kwa sababu avihitaji yeye, na kwa sababu hakumwona mtu karibu, amevunja kiti ambacho hakijawa kiti bado. Mtu mwenye adabu huuliza:

“Kaka, vibanio hivi ni vya kazi yako? Nahitaji viwili tu.”

“Ngoja kidogo, mdogo wangu. Saa kumi nitavifungua, utavichukua.”

Maneno hayo hayamalizi hata dakika moja, nayo yaokoa kazi ya siku nzima.

Sheria ya pili yahusu mashine: usibadili kipimo pasipo kuuliza, na ukikibadili kwa ruhusa, kirudishe. Tuseme fundi atengeneza viti vinne. Ahitaji miguu 16 ya urefu mmoja. Amefunga kizuio kwenye meza ya msumeno, amekata miguu 11, amekwenda kula. Mwingine afika, asogeza kizuio kwa milimita tatu tu, akata ubao wake, aondoka. Fundi arudi, akata miguu mitano iliyobaki. Jioni kiti kimoja chayumba, na hajui kwa nini. Vivyo hivyo kwa cherehani: mama aliyekwisha kupima mkazo wa uzi kwa kitambaa chepesi, akikuta umekazwa kwa ajili ya turubai, ataona nguo yake yakunjamana kabla hajatambua sababu.

Kadhalika, usitie katika mashine kitu usichokijua. Ubao wa zamani wenye msumari ndani yake, ukipita chini ya randa ya umeme, huuma kisu. Na tangu saa hiyo kila ubao wa kila mtu hutoka na mstari. Mashine ya kukata kwa mwali wa leza nayo ina adui yake, plastiki iitwayo PVC, ile ya mabomba ya maji. Ikichomwa na mwali huo hutoa gesi kali yenye klorini, inayodhuru mapafu ya waliomo na kutia kutu vyuma vya mashine. Mtu mmoja asiyeuliza aweza kuwanyima wenzake wote mashine yao. Hakuna aibu katika kusema, “Mzee, nionyeshe kwanza.” Aibu iko kwa yule aliyejifanya kujua.

Sheria ya tatu ni ya vyombo vya mkono. Mkasi wa kitambaa ukikatia karatasi huwa butu, nao hautakata hariri tena mpaka unolewe. Patasi si bisibisi, wala si ya kufungulia mikebe ya rangi. Chombo cha wote hurudi mahali pake siku ile ile. Chombo cha mtu binafsi hakiguswi bila idhini yake, hata kikiwa wazi mezani. Na kila kinachotoka nje ya mlango kiandikwe katika daftari: nani amechukua, lini, na atarudisha lini. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kuandika si kumshuku mtu. Daftari humlinda mwaminifu, kwani kitu kikipotea halitajwi jina lake bure.

Sheria ya nne ni usafi. Wengine hudhani kufagia ni kazi ya mdogo au ya mwanamke aliyemo. Sivyo. Mwenye kumwaga ndiye mwenye kuzoa. Tena usafi wa karakana si urembo tu. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani, ambayo maseremala huyapaka mbao, vikirundikwa pembeni hupata joto vyenyewe na vyaweza kuwaka moto pasipo mtu kuwasha kiberiti. Vitandazwe nje vikauke, au vitiwe katika mkebe wa chuma wenye kifuniko. Anayeviacha rundo moja na kwenda kulala, ameweka kazi za wenzake wote hatarini.

Lakini haki haiendi bila wajibu. Yule anayetaka kazi yake iheshimiwe, na yeye aifanye itambulike. Aandike juu yake jina lake, tarehe, na siku atakayorudi. Aiweke rafuni, si katikati ya meza ya wote. Wala asiwe mtu wa kuweka mbao miezi mitatu na kusema kila mara, “Kesho, kesho.” Meza ya pamoja ikijaa ahadi, wenye kazi hukosa mahali. Yafaa karakana iwe na muda uliokubaliwa na wote. Na muda ukipita, mwenye kitu aitwe na aambiwe kabla kitu chake hakijaguswa. Anayetupa baada ya kuonya mara mbili hakumdhulumu mtu. Anayetupa bila kuonya amemdhulumu, hata kama kitu chenyewe kilikuwa kibovu.

Tuongeze neno juu ya ulimi, kwani kazi ya mtu huvunjwa na maneno pia. Kijana anayejaribu kwa mara ya kwanza hutengeneza kitu kilichopinda. Sote tulianza hivyo. Usimcheke, wala usimnyang'anye chombo mkononi ukisema, “Lete, nikufanyie.” Ukimfanyia, umemwibia somo lake. Msichana aliye mbele ya mashine ya kuchomelea hakukuomba umwamuru. Mwulize kama ahitaji msaada, na akisema hapana, mwache. Hatari tu ndiyo isiyongoja adabu: ukiona mtu akaribia kujikata, piga kelele mara moja.

Na mawazo ya mtu je? Mkataba unaofuatwa na fablabu wasema kwamba mbuni aweza kulinda alichobuni na kukiuza apendavyo, ila kibaki wazi kwa wengine kujifunzia. Hiyo ni njia ya kati iliyo njema. Jifunze kwa mwenzako, lakini taja jina lake. Ukitaka kupiga picha ya kazi yake kwa simu, mwombe kwanza. Ukiuza kitu ulichokiiga kwake pasipo kumwambia, usishangae siku akifunika meza yake kwa shuka ukipita.

Hatimaye, ajali. Chombo huvunjika hata mkononi mwa fundi hodari. Mwenye heshima husema siku hiyo hiyo: “Kisu kimevunjika nikiwa mimi, tutafanyaje?” Mwingine hukirudisha rafuni kimya kimya. Atakayekichukua kesho hajui ufa uliomo, na kisu kilichopasuka katika mashine inayozunguka kwa kasi chaweza kumtoa mtu jicho. Hasara ya kisu hulipwa kwa mchango. Jicho halina mchango.

Enyi wazazi, watoto wenu huanza kujifunza adabu hii nyumbani, kabla hawajaona mashine yoyote. Mtoto aliyejenga gari la nyaya uani na kulikuta limesukumwa jalalani pasipo neno, hujifunza kwamba kazi ya mdogo si kitu. Mtoto aliyeulizwa, “Mwanangu, hiki bado wakitaka?” hujifunza kuuliza. Huyo, siku atakapoingia katika karakana ya watu wengi, atajua la kufanya mbele ya meza yenye vitu asivyovielewa: ataweka ufagio chini, atamtafuta mwenyewe.