Saratani ya Mapafu: Je, Imo Katika Damu ya Ukoo?



Mtu akifa kwa saratani ya mapafu katika mitaa yetu ya Mwananyamala, tanga halijaanuliwa bado maneno huanza: "Wale, ugonjwa ule ni wa ukoo wao." Husemwa kwa sauti ya chini, na kabla ya arobaini yamekwisha fika kwa Kopa na Kisiwani. Watoto wa marehemu huyasikia. Mmoja haendi kupimwa kikohozi chake, kwa kuwa anadhani hukumu imekwisha andikwa. Mwingine huendelea kuvuta kwa hoja hiyo hiyo: ikiwa imo damuni, sigara ina kosa gani?

Urithi si uzushi. Wazazi wengi mjini wanaujua ugonjwa wa selimundu, ambao wengine huuita siko seli. Mtoto huupata anaporithi chembe yenye kasoro kwa baba na kwa mama pia. Akiirithi kwa mzazi mmoja tu, kwa kawaida haugui. Na tena, kama Anthony Allison alivyoonyesha mwaka 1954 baada ya uchunguzi wake hapa Afrika Mashariki, hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Huo ni urithi unaoamua. Saratani ya mapafu haiendi hivyo.

Mwaka 2008 makundi matatu ya wataalamu, mojawapo likiwa la shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililoko Lyon, Ufaransa, yalitangaza karibu wakati mmoja kwamba yameona jambo katika kromosomu ya 15. Hapo pana chembe za urithi zinazotengeneza vipokezi vya nikotini, yaani sehemu za seli ambazo nikotini ya tumbaku hushikamana nazo. Chembe hizo hazifanani kwa watu wote. Aliyerithi namna fulani kwa mzazi mmoja alionekana kuwa na hatari iliyozidi kwa asilimia 30 hivi. Aliyeirithi kwa wote wawili, asilimia 80 hivi. Ukiisoma tarakimu hiyo peke yake utashtuka. Iweke basi kando ya nyingine: hatari ya mvuta sigara ni mara 15 hadi 30 ya asiyevuta. Asilimia 80 haifikii hata mara mbili.

Ilionekana pia kwamba wenye urithi huo huelekea kuvuta sigara nyingi zaidi kwa siku, kwa hiyo sehemu ya hatari yao hupitia katika sigara yenyewe. Na liko linalotuhusu sisi: urithi huo umeenea kwa watu wenye asili ya Ulaya, lakini kwa Waafrika ni adimu. Atakayekuuzia kipimo cha vinasaba akiahidi kukutabiria saratani ya mapafu, mwulize kipimo chake kilitokana na damu ya kina nani.

Hoja ya "imo damuni" ina historia isiyopendeza. Mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill walichapisha huko Uingereza uchunguzi uliohusisha sigara na saratani hii. Ronald Fisher, bingwa wa takwimu na wa elimu ya urithi, akapinga: huenda, alisema, urithi mmoja ndio unaomfanya mtu apende sigara na pia apate saratani. Fisher alikuwa mvuta kiko, na alikuwa mshauri wa watengeneza sigara. Hata hivyo hoja yake ilistahili kupimwa, na imepimwa kwa mapacha wa kufanana, ambao urithi wao ni mmoja. Uchunguzi wa mapacha wa kaskazini mwa Ulaya uliochapishwa mwaka 2017 ulitazama jozi ambazo mmoja alivuta na mwenzake hakuvuta. Hatari ya aliyevuta ilikuwa zaidi ya mara tano ya ile ya pacha wake.

Kila ukoo una mzee wake aliyevuta hadi miaka tisini. Wenzake aliovuta nao hawapo kutoa ushahidi.

Sasa tazama nyumba zetu. Korido moja, vyumba sita, kila mlango na jiko lake la mkaa. Mvua ikinyesha majiko yote huingizwa ndani. Baba huvutia sigara chumbani, watoto wamelala humo humo. Miaka ishirini baadaye mtoto akiugua kifua kama baba yake, watu husema damu. Ni kweli kwamba aliyeuguliwa na mzazi au ndugu huwa na hatari iliyozidi, takriban mara moja na nusu hadi mbili. Lakini hao walishirikiana pia chumba, dirisha dogo moja na moshi, na si rahisi kuvitenganisha vitu hivyo na damu.

Kinachotuua zaidi ni kuchelewa. Kikohozi hapa kwetu hudhaniwa kwanza kuwa kifua kikuu, na mara nyingi ndivyo kilivyo. Kikifika wiki mbili, nenda ukapime makohozi. Katika vituo vya serikali kipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bure. Lakini yupo mgonjwa anayemaliza dawa na kifua bado kinamsumbua, anakohoa damu, anakonda, sauti imekauka. Huyo asikae nyumbani kwa sababu shangazi amesema ndio ugonjwa wao. Aende Hospitali ya Mwananyamala, aombe kifua kitazamwe kwa eksirei. Ikionekana haja, atapelekwa Muhimbili au Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Daktari akikuuliza habari za ukoo, mwambie nani aliugua, na akiwa na umri gani. Usiishie hapo. Mwambie pia nani alivuta, kwa miaka mingapi, na wewe ulilala chumba gani.