Fungate Yetu Irudi, Hata Ikiwa ya Siku Tatu



Mfungo Mosi umeingia, na harusi zimefuatana Wete, Chake na Mkoani. Singo inatwangwa, hina inarowekwa, sare zimeshafika kwa fundi. Tunafurahi, maana ndoa ni kheri, na Bibi Aisha (r.a.) mwenyewe aliolewa mwezi huu wa Shawwal. Lakini katika vikao vyote vya harusi tunavyoitwa, kuna swali moja halina muulizaji: wageni wakishaondoka, hawa wawili watakaa wapi peke yao?

Zamani swali hilo lilikuwa na jibu, nalo ni fungate. Siku saba maharusi hawatoki. Somo analeta chakula, somo anapokea wageni mlangoni, na somo huyohuyo anawarudisha kwa maneno matamu. Watu wawili ambao pengine hawajawahi kuzungumza hata nusu saa walipewa wiki nzima ya kuzoeana. Leo bwana harusi ana ruhusa ya siku nne au tano. Kazi yake iko Unguja, au Dar es Salaam, au Muscat. Fungate imebaki jina, na hizo siku chache zilizobaki mlango haufungwi. Mawifi wanakuja kuangalia zawadi, jirani hakuwahi kufika siku ya harusi anafika leo, na simu haiachi kulia.

Mwaka jana tulimpamba bibi harusi mmoja. Harusi yake ilisifiwa mitaa mitatu. Miezi mitatu baadaye alitwambia, "Mume wangu namjua kwa simu kuliko ninavyomjua kwa macho." Katika siku tano alizokaa naye kabla hajarudi kazini, hawakupata saa moja bila ya mtu kubisha hodi. Deni la ukumbi lilikuwa bado linalipwa. Hatumlaumu mtu. Sisi wenyewe tulikuwa miongoni mwa waliobisha hodi.

Kwa hivyo rai yetu ni hii: katika kila bajeti ya harusi uandikwe mstari mmoja wa siku tatu za pwani, hapahapa Pemba, za watu wawili tu. Ukikosekana mfuko wa ziada, ipunguzwe sare moja au keki ishuke ghorofa. Na sisi tulioolewa zamani, wenye watoto na mwani wa kuanika, nasi tujihesabu humo.

Msingi wa rai hii hatukuutoa mbali. Sote tumesoma namna Mtume (s.a.w.) alivyoshindana mbio na Bibi Aisha (r.a.) safarini. Mara ya kwanza alishinda yeye Bibi Aisha, na baada ya muda wakashindana tena akashinda Mtume. Tunapoisimulia habari hii huwa tunacheka na kusifu upole wake. Lakini kuna jambo tunalipita haraka: kabla ya mbio, aliwaambia maswahaba watangulie mbele. Hakuifanya furaha ya mkewe kuwa tamasha la msafara. Aliwapisha watu kwanza, kisha ndipo akacheza na mkewe. Hilo ndilo tunaloliomba kwa maharusi wetu. Watu watangulie.

Tunajua yatakayosemwa. La kwanza, kwamba pwani ni ya watalii, mwanamke wa Kiislamu anatafuta nini huko? Dada zetu, pwani hii tunaijua sisi kabla ya mtalii. Sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar hutoka Pemba, na mikono inayoufunga kwenye kamba ni ya wanawake. Tunashuka maji yakitoka, tunapanda yakijaa, migongo inauma. Iweje tuwe na ruhusa ya kuingia baharini kuchuma, lakini tukitaka kukaa ufukweni kupumzika iwe aibu? Stara haipotei kwa kuwa mtu hana tenga kichwani. Nguo pana, mahali pa faragha na mume ubavuni: hapo pana ubaya gani?

La pili ni gharama. Hapo tunakubali kwamba hoteli kubwa si za kila mtu. Lakini siku tatu za pwani si lazima ziwe za hoteli. Wengi wetu tuna shangazi au khalati mwenye nyumba karibu na bahari, Makangale au kwingineko. Mwombeni awaachie chumba chenye mlango wake, mchukue mchele wenu na mkaa wenu. Wa kukodi chumba naye aulize kabla ya kulipa: dirisha linatazama wapi, kuna pombe au hakuna, na pwani ya mbele hupitwa na watu saa ngapi. Kuuliza si ushamba. Asiyeuliza ndiye anayefika akakaa siku tatu ndani na buibui lake.

Mwaka huu wa 2026 kalenda imetusaidia. Ijumaa Kuu ni tarehe 3 Aprili, Jumatatu ya Pasaka tarehe 6, na Jumanne tarehe 7 ni Siku ya Karume. Pasaka si sikukuu yetu, lakini ofisi zikifungwa zimefungwa kwa wote. Kuanzia Ijumaa hadi Jumanne ni siku tano mfululizo. Hata mume aliyeko Unguja anaweza kuvuka, akapumzika, akarudi bila ya kuomba ruhusa ya ziada. Ila tiketi ya boti akate mapema, maana siku hizo kila mtu anarudi kwao.

Aprili pia ni masika, tusidanganyane. Mvua itanyesha. Tafuteni mahali penye baraza la kufunikwa, chukueni chupa ya chai, tende na halua ya Wete, na mvua iwe sehemu ya mapumziko. Fungate ya bibi zetu ilikuwa ndani ya nyumba, na hakuna aliyelalamika kwamba hakuona jua.

Kuhusu maji, sisi Waislamu tuna kalenda nzuri kuliko ya ukutani. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvu. Katikati yake ni maji mafu. Tarehe 2 Aprili mwezi utakuwa mpevu, kwa hiyo siku zile za mwanzo ni za bamvu. Kwetu maana yake ni kwamba asubuhi kwenye saa 4 maji yametoka mbali, na jioni kwenye saa 10 au 11 yamejaa. Basi panga hivi: asubuhi tembeeni mchangani, mchana mlale, mkishasali Alasiri mshuke baharini, na Magharibi iwakute mmeshapanda. Wengi wetu hatujui kuogelea, na kusema hivyo si aibu. Maji ya kiunoni yanatosha kucheka.

Wapi? Ukituuliza sisi, Vumawimbi. Kutoka Konde barabara inapita ndani ya msitu wa Ngezi, miti imeinama juu kama paa, kisha ghafla ni mchanga mweupe mrefu ambao unaweza kuutembea muda mrefu usikutane na mtu. Mkiwa na nguvu, endeleeni hadi Ras Kigomasha kwenye mnara wa taa. Wa upande wa Chake wana Misali. Huko hakulaliwi kama nyumbani. Ni kwenda asubuhi na kurudi jioni, na iwe siku bahari imetulia, kwa boti yenye maboya ya kujiokolea. Kisiwa hicho kimehifadhiwa tangu 1998. Wavuvi husimulia kwamba Nabii Khidhri alifika pale akaomba msala wa kusalia, wavuvi hawakuwa nao, ndipo akasema kisiwa chenyewe, kwa jinsi kilivyoelekea kibla, kitamtosha. Kwa maharusi, kuna mahali gani pazuri zaidi pa kusali rakaa mbili pamoja?

Na kwa kuwa tumetaja sala: baadhi yetu tukishafunga mkoba tu tunaanza kupunguza rakaa. Pemba kwa urefu haifiki kilomita 70, na kwa sisi wa madhehebu ya Shafii masafa ya kupunguza sala yanapita kilomita 80. Kutoka Mkoani hadi Makangale sala ni kamili. Wenye funga ya sita nao wakubaliane mapema siku za kufunga, asije mmoja akapika chakula cha mchana na mwenzake ametia nia.

Limebaki la simu, na hili ndilo gumu kuliko mvua. Unaweza kumkwepa wifi, ukamkwepa jirani, kisha ukawaleta wote mia tatu mchangani kwa picha moja. Ukituma picha ya miguu yenu miwili kwenye mchanga, utaketi kusoma majibu badala ya kuongea na aliyeketi karibu yako. Mwambie mama mzazi na mavyaa mko wapi na mtarudi lini, kwa heshima zote, kisha simu iwekwe ndani ya mkoba. Wakiuliza picha ziko wapi, waambie hazikupigwa. Si kila neema ionyeshwe; nyingine husitiriwa kama tunavyositiri uzuri wetu.

Kwa mama wa maharusi tuna ombi moja. Kazi ya somo ilikuwa kulinda mlango. Leo mlango umehama, lakini kazi ipo. Ukisikia binti yako na mumewe wamekwenda Makangale siku tatu, usiulize wamekwenda kufanya nini. Waambie wanaouliza kwamba wapo fungate, na wewe ndiye uliyewatuma.

Na yule bibi harusi wetu wa mwaka jana, mumewe anavuka Ijumaa hii. Chumba kimeshapatikana. Sisi tumeahidi jambo moja tu: safari hii hatutabisha hodi.

Wabillahi tawfiq.