Hatari Iko Gatini

Kila msimu wa ziara, sisi walimu wa Thika na Ruiru huwaonya wanafunzi wetu juu ya kina cha bahari. Mimi naona gati ndilo la kuogopwa zaidi.

Aprili 29, 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka takriban mita 40 kutoka gatini. Watu 272 waliangamia. Septemba 20, 2018, MV Nyerere ilipinduka karibu na gati la Ukara, nchini Tanzania, abiria walipokuwa wakijiandaa kushuka. Waliokufa walizidi 220.

Fizikia ya jambo hili twaifundisha darasani: uzito ukihamia upande mmoja ghafla, chombo huinama. Mbona basi wanafunzi wetu husukumana wapandapo mashua hapa karibu, Fourteen Falls?

Hapana budi mashua ifungwe kamba mbili, omo na tezi, ndipo ubao wa kupandia uwekwe. Mwanafunzi avae jaketi la kuokolea maisha, apande peke yake, aketi, ndipo mwenzake afuate. Wakati wa kushuka, asisimame mtu kabla ya kuitwa.

Mwalimu asiyeweza kusimamia hayo na aiahirishe ziara. Tahadhari kabla ya hatari.