Fedha za Hija na Soko la Hisa



 

Ndugu wanafunzi na wazazi wetu, mwaka huu tumeona tuzungumzie benki na soko la hisa, jambo ambalo baadhi yenu mtashangaa kulikuta katika jarida la madrasa. Wengi wetu tukisikia maneno hayo husema "riba hiyo", na mazungumzo yakaishia hapo. Riba ni haramu, hilo halina mjadala. Lakini je, pesa zetu zimekaa wapi? Ziko ndani ya kibubu, chini ya godoro, au kwenye bangili za mama. Huko hazijengi kiwanda wala hazimwajiri kijana, na bei za vitu zikipanda hupungua nguvu humo humo zilimo.

Tuwatazame ndugu zetu wa Malaysia. Wanavijiji wa huko nao waliogopa benki kwa sababu hiyo hiyo. Mtu akitaka kuhiji aliweka akiba nyumbani miaka na miaka, na zisipotosha akauza shamba na ng'ombe. Akirudi Makka ni Alhaji, lakini hana pa kulima. Mwaka 1959 mtaalamu wa uchumi, Ungku Aziz, akashauri kianzishwe chombo cha kukusanya akiba hizi bila riba. Kilianza mwaka 1963, na leo kinajulikana kwa jina la Tabung Haji.

Ringiti chache za mwanakijiji mmoja hazifanyi kitu, bali za maelfu ya watu zikikusanywa huwa mtaji. Mfuko ukanunua mashamba ya michikichi, majengo na hisa za makampuni, na faida ikagawiwa kwa wenye akiba. Mwaka 1983 ikafunguliwa Bank Islam, na mwaka 1997 wasimamizi wa masoko ya mitaji wakaanza kutoa orodha ya hisa zinazokubalika kisharia, ili mtu asinunue hisa ya kiwanda cha pombe bila kujua.

Na hisa yenyewe ni nini? Ni fungu lako katika sharika. Ukinunua hisa hukukopesha mtu, umekuwa mshirika: ikipatikana faida mnagawana, ikiingia hasara mnaibeba wote. Bibi Khadija (R.A.) alipotoa mali yake iende biashara Sham mikononi mwa Mtume, kabla ya utume, hakuwa mbali na jambo hili. Mkopeshaji wa riba yeye hutaka chake hata kama mashua ya mvuvi imezama.

Hatusemi kila kilichomo sokoni ni kizuri. Mwaka 1997 wageni wengi waliokuwa wameweka fedha Malaysia walizitoa kwa mpigo. Kipimo cha bei za hisa cha Kuala Lumpur, kilichokuwa juu ya 1,200 mwanzoni mwa mwaka ule, kilianguka chini ya 300 ilipofika Septemba 1998. Serikali ikalazimika kuifunga ringiti kwenye 3.80 kwa dola moja na kuzuia fedha zisitoke ovyo. Akiba ya mtu anayengoja zamu yake ya Hija haikimbii namna hiyo, na ndiyo maana tunaona nchi inayotegemea akiba za watu wake ina msingi kuliko inayongoja wageni. Hata hivyo nayo huhitaji wasimamizi waaminifu: mwaka 2018 ilitangazwa kwamba madeni ya Tabung Haji yalizidi mali zake, na serikali ikabidi iingilie kati.

Hapa karibu, mwaka 2008 hisa za Safaricom ya Kenya ziliuzwa kwa shilingi 5. Watu walipanga foleni, na wako waliokopa benki kwa riba ili wanunue. Mwaka 2009 hisa ile ilishuka chini ya shilingi 3, lakini deni halikushuka. Dhambi na hasara zikaja pamoja! Aliyenunua kwa pesa yake mwenyewe na akasubiri, bei ilirudi na baadaye ikapita mara kadhaa ile ya mwanzo.

Siku hizi kisingizio kimepungua. Kenya ilipata benki mbili za Kiislamu mwaka 2008, na Tanzania ikapata Amana Bank mwaka 2011. Kilichobaki ni elimu, na hapo sisi walimu tunajilaumu wenyewe. Kila mwaka tunausomesha mlango wa tohara kwa utulivu, na tukiufikia mlango wa biashara muda umekwisha. Mtoto anamaliza madrasa anajua aina za maji, hajui tofauti ya mudharaba na mkopo.

Muhula ujao, Inshaallah, darasa la juu litaanza na mlango huo, kila Alhamisi baada ya Laasiri. Wazazi nao wanakaribishwa kukaa nyuma na kuuliza.