Mkemia Asiyeshika Chupa

Yako maneno, ewe msomaji kijana, yazungukayo shuleni kama mbu, nayo huuma kabla hayajaonekana. Neno mojawapo ni hili: kwamba kemia ni moshi na chupa, na kwamba mtu aketiye mbele ya tarakilishi akihesabu elektroni si mkemia, bali ni mvivu aliyeogopa asidi. Nililisikia kwanza katika chuo cha ualimu, kinywani mwa mtu niliyemheshimu, nami nikacheka pamoja na wenzangu. Leo nalisikia kwa wanafunzi wangu, ambao wameongeza lao: kwa kuwa chupa za shule yetu ni chache, basi kemia si yetu. Sicheki tena.

Kichocheo ni mshenga. Huwakutanisha wawili ambao hawangekutana kwa hiari yao, kisha huondoka jinsi alivyokuja, akawashughulikie wengine. Mshenga mlegevu hamvuti mtu. Mshenga mng'ang'anizi humvuta bwana arusi akamzuia nyumbani kwake, na arusi haifanyiki. Mfaransa Paul Sabatier alilitambua jambo hili zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Lakini ni nani wakati ule aliyeweza kupima mshiko wa kila metali?

Hakuna, ndiyo sababu watu walipapasa. Mwaka 1909, huko Ujerumani, Fritz Haber alionyesha kwamba nitrojeni ya hewani yaweza kuunganishwa na haidrojeni ikawa amonia. Alitumia osmiamu, metali adimu mno. Alwin Mittasch, mjini Ludwigshafen, akapewa kazi ya kutafuta mshenga wa bei nafuu, naye na wasaidizi wake wakajaribu maelfu ya michanganyiko, mmoja baada ya mwingine, hata wakaufikia uchuma uliotiwa vitu vingine kidogo. Siwabezi. Yakadiriwa kwamba karibu nusu ya wanadamu hula chakula kilichostawishwa kwa mbolea ya asili hiyo, na gunia alinunualo mkulima wa Kitale kwa kujinyima lina mwanzo wake hapo. Walakini kazi hiyo hudai joto la digrii 400 hadi 500, na shinikizo kubwa kuliko la hewa yetu mara mia moja na zaidi. Haidrojeni yenyewe hutolewa zaidi katika gesi asilia na makaa ya mawe. Na kwa sababu hiyo amonia peke yake huzaa kati ya asilimia 1 na 2 ya hewa ya ukaa itokanayo na shughuli za watu. Deni hilo halijalipwa.

Sasa mtazame huyo aitwaye mvivu. Katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Denmark, mjini Lyngby, Jens Nørskov na wenzake walishika njia ya hesabu ambayo Walter Kohn aliiwekea msingi mwaka 1964 na 1965, hata akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998. Wakahesabu jinsi kila metali inavyoishika nitrojeni. Molibdeni huishika mno. Kobalti huishika kidogo mno. Mwaka 2001 wakaeleza kwamba zikichanganywa zitakuwa na mshiko wa katikati, na majaribio yakakubali: mchanganyiko ulizishinda zote mbili. Wasiofaa wawili wamezaa afaaye! Je, huu ni uvivu?

Mpinzani atauliza: mbona basi mbolea ingali ghali? Ni swali la haki. Hesabu zilezile zimeonyesha kizuizi, kwamba metali ivunjayo kifungo cha nitrojeni kwa urahisi ndiyo aghalabu isiyotaka kuiachilia. Namkubalia pia kwamba hesabu hukosea, na kwamba chupa ndiyo hakimu. Lakini hakimu hazunguki sokoni akitafuta kesi, huletewa.

Na kesi nyingine ilitoka katika mizizi ya mikunde. Humo hukaa bakteria wenye kimeng'enya cha chuma na molibdeni, kifanyacho amonia katika joto la udongo tu. Mwaka 2005 kundi hilo la Lyngby lilikilinganisha kimeng'enya hicho, kwa hesabu, na vichocheo vya kutoa haidrojeni. Likaona kwamba kingo za salfaidi ya molibdeni, kitu cha bei ndogo, huishika haidrojeni kwa kiasi kinachokaribia kile cha platinamu. Likaijaribu, nayo ikafanya kazi. Nawe fikiri maana yake: haidrojeni itokayo majini kwa umeme ni amonia isiyohitaji makaa.

Kuhusu chupa zetu chache: baadhi ya programu za hesabu hizi hutolewa bure, na mojawapo ilianzia palepale Lyngby. Hesabu kubwa hudai mashine kubwa, sikatai. Lakini zile ndogo hudai aljebra uikimbiayo Jumatatu asubuhi.

Ng'oa mche wa mkunde shambani kwenu, uoshe mizizi yake, upasue kinundu kimoja. Ndani utaona wekundu kama wa damu. Mpelekee yule asemaye kwamba mwenye kuhesabu ni mvivu, umwambie akueleze kinavyofanya kazi bila tanuri; nawe usiondoke mpaka akujibu.